Lisbon kwa Miguu: Kama Niko Kibokoni

Assalamu alaikum jamaa zangu wa Mombasa, na popote mlipo. Mama, najua simu umeiegemeza kwenye chupa ya chai, basi kaa vizuri, leo twatembea. Niko Lisbon, Ureno, na hiyo mnayoisikia ni pumzi yangu, si upepo. Mji huu ni vilima vitupu! Tramu ya manjano, ile namba 28, imenipita mara tatu, watalii wamejaa mpaka mlangoni. Nikasema, aa, bora miguu.

Tazameni chini hapa. Njia nzima ni vijiwe, vyeupe na vyeusi, kila kimoja kama kipande cha halua, vimepangwa kwa mkono. Vyapendeza, lakini vimelainika kwa kukanyagwa. Jana kulikuwa na manyunyu nami nimevaa ndara. Nikateleza mbele ya mkahawa, nikaukumbatia mlingoti wa taa kama ndugu yangu aliyetoka Hija. Leo nimevaa raba.

Hapa ni Alfama, mtaa wa zamani wa Lisbon. Jina lenyewe lina asili ya Kiarabu, la chemchemi ya maji moto, maana Waislamu waliushika mji huu mpaka 1147. Tetemeko la 1755 liliibomoa sehemu kubwa ya Lisbon, lakini vichochoro hivi vingi vilisalimika. Kule chini Baixa walikojenga upya, barabara zimenyooka kama rula, wala hazikunivutia. Huku sasa! Nguo zimeanikwa madirishani, paka kalala kizingitini, nikinyoosha mikono nazigusa kuta zote mbili. Ungenifunga macho ukanileta hapa, ningesema niko Kibokoni, kule Mji wa Kale, Mombasa.

Na maneno yao je? Kile kibao cha kanisa kimeandikwa igreja. Ndiyo gereza yetu hiyo! Wao waingia kusali, sisi twaingia kufungwa. Mkahawani mhudumu kaniuliza, "Mesa?" Nami, "Meza!" Tukaelewana bila kamusi.

Lakini ngojeni niwaambie ya jana. Nilikwenda Belém, kwenye monasteri ya Jerónimos. Ukiingia tu kanisani, huyu hapa kushoto: Vasco da Gama, yule baharia Mreno, wa mawe, kalala chali, viganja kaviunganisha kama mtu mwema. Ubavuni mwa kaburi wamemchongea na merikebu. Watu wapiga picha, waondoka. Mimi miguu ilikataa kwenda. Ni huyu huyu wa 1498! Kwetu Mombasa mambo yaliharibika, akaenda zake Malindi, akapokelewa na kupewa rubani wa kumvusha mpaka India. Watu wa Malindi, mwaniangalia? Hilo ni lenu, msitutie sisi. Na huko huko India ndiko alikofia, 1524. Hapa yaliletwa mabaki tu. Nilitaka kumwambia neno, nikakosa. Nikamwambia, "Haya," nikatoka nje kununua pastel de nata, kile kikeki cha mayai na maziwa. Nilikula vinne. Msimwambie daktari wangu.

Enhe, mama, zawadi yako. Muuzaji hapo nyuma nilimuuliza kitambaa hiki chaitwaje, akajibu lenço. Leso! Nikacheka peke yangu, akaniona mwehu. Nimekununulia. Ila usifurahi mno: haina jina, haina pindo, na kwa ukubwa huu yatosha kufunikia bakuli la mbaazi.