Kreatinini moja, figo mbili tofauti

Ndugu zangu matabibu, wauguzi na wafamasia, shikeni kalamu tupige hesabu pamoja.

Tuna bibi wa miaka 75, kilo 40. Wodi ya pili yupo kijana wa kiume wa miaka 25, kilo 70. Wote wameandikiwa sindano za gentamisini, dawa ya kuua bakteria, na maabara imeleta kreatinini ya damu miligramu 1.0 kwa desilita kwa kila mmoja. Ukitazama karatasi tu, utasema figo zao ziko sawa.

Kreatinini ni taka ya misuli. Bibi aliyekonda huizalisha kidogo, kwa hiyo figo zake zinaweza kuchoka na damu isiseme kitu. Haya: 140 utoe umri, zidisha kwa uzito, gawanya kwa 72 mara kreatinini. Kijana anapata mililita 112 za damu zinazosafishwa na figo kwa dakika. Bibi anapata 36. Zidisha kwa 0.85 kwa kuwa ni mwanamke, zinabaki 31.

Gentamisini haivunjwivunjwi na ini. Hutoka kwenye mkojo kama ilivyoingia. Figo zikiwa nzima, nusu yake huondoka mwilini kwa saa 2 hadi 3. Kwa bibi huyu, dozi ya kesho itaikuta ya leo bado imo. Figo iliyoumizwa na dawa hii mara nyingi hupona, sikio halirudi. Mgonjwa mmoja wangu, mama mtu mzima, aliniuliza kwa nini siku hizi wodi nzima inanong'ona. Hakuna aliyekuwa ananong'ona. Kreatinini yake niliiona, nikaridhika nayo, hesabu sikupiga.

Kanuni hii ni ya Cockcroft na Gault, ya mwaka 1976, kutokana na wagonjwa 249, karibu wote wanaume. Ile 0.85 ya wanawake ni makadirio. Tena kreatinini inayopanda kila siku huidanganya kanuni, maana figo zimeshaporomoka na damu haijafikia. Hapo tazameni mkojo, na penye uwezo pimeni kiwango cha dawa kwenye damu.

Naomba msinielewe vibaya: mgonjwa mahututi dozi ya kwanza apewe kamili, bila kungoja maabara. Hesabu inaamua ya pili itolewe lini. Na uzito upimeni kwa mizani, msiukadirie kwa macho mkiwa mmesimama mlangoni.