Tupa, Sindano na Ungo

Shikamooni wakubwa zangu. Vijana wa kalamu, hamjambo?

Nimeombwa nizungumzie namna ya kupatanisha teknolojia na uchawi katika ulimwengu wa kubuni. Naomba nianze na mkate. Fumo Liyongo, shujaa wa simulizi za Waswahili, yuko kifungoni, anangoja kuuawa. Kijakazi Saada humletea chakula, na walinzi hula kila kilicho kitamu. Liyongo anaimba, na ndani ya wimbo anampelekea mama yake maagizo: oka mkate wa wishwa, yaani makapi ya nafaka, katikati utie tupa ya kukatia pingu. Walinzi wanaudharau mkate, unampita kila mtu mpaka mikononi mwake. Lakini tupa ikikata chuma hupiga kelele. Basi anaomba achezewe ngoma ya gungu kabla hajafa, na matoazi yanapovuma nje, yeye ndani anakata pingu.

Mtu huyohuyo hafi kwa mkuki wala mshale. Hufa kwa sindano ya shaba, tena ichomwe kitovuni. Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyeutunga utenzi wake mwaka 1913, ameviweka vyote viwili katika kisa kimoja, na sisi tunasoma bila kushtuka. Kwa nini? Naamini ni kwa sababu tupa na sindano zinatii sheria moja. Tupa ina nguvu, ila ina kelele. Kinga ya Liyongo ina nguvu, ila ina tundu, na tundu hilo tumeonyeshwa kabla halijamuua. Mizani ninayoisema mimi ndiyo hiyo. Sipimi kurasa ngapi za mashine na ngapi za majini. Naangalia kama kila kimoja kina pahali kinaposhindwa.

Waganga wetu wanalijua hili vizuri kuliko waandishi wengi. Dawa haitoki bila masharti: usigeuke nyuma, usile kitu fulani, usimwambie mtu.

Juzijuzi nilisoma mswada wa kijana mmoja. Ni Dar es Salaam ya miaka mia moja ijayo. Droni zinalinda mitaa usiku kucha, na mwanamke mmoja anapaa na ungo kutoka Mwanza, anatua Kariakoo kabla chai haijapoa. Lugha tamu, nilisoma nikitabasamu. Kurasa chache mbele, shujaa anapata habari kwamba baba yake amefariki Mwanza. Anapanda basi la alfajiri, anachelewa, anakuta kaburi limeshafukiwa. Nikakwama hapo. Yule mwenye ungo ni shangazi yake! Aliyekufa ni kaka yake! Kwa nini asimbebe mtoto wa kaka yake akamzike baba?

Majibu yapo katika simulizi tulizokua nazo. Ungo hupaa usiku tu. Anayeupanda awe uchi. Akipita juu ya nyumba yenye sala, huanguka, na watu humkuta asubuhi uani kwa watu. Masharti matatu, yote ya bure, na mwandishi aliyaacha mlangoni kwa sababu aliyaona ya kishamba mbele ya droni zake.

Hapa niseme neno moja linaloniuma. Ukiandika ungo, usimpe kila bibi mwenye macho mekundu. Usukumani wako wanawake wazee waliouawa kwa kushukiwa uchawi, na wekundu wa macho yao ulitokana na moshi wa jikoni wa miaka mingi. Mchawi wako mpe uso mwingine.

Jambo jingine ni muda. Mwaka 1883 Sultani Barghash alijenga jumba Zanzibar, na jumba hilo likaja kuwa na umeme na lifti. Watu waliliita Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu. Leo nani huita lifti ajabu? Sehemu ya jumba lenyewe ilianguka tarehe 25 Desemba 2020. Kwa hiyo amua: katika ulimwengu wako, kitu gani bibi anakishangaa, mjukuu wake hakitazami mara mbili? Huenda kwa bibi ungo ni usafiri, na droni ndiyo inayomtia hofu.

Halafu kuna kisima. Liyongo, akiwa amechomwa na mwanawe, anachukua upinde, anapiga goti karibu na kisima, anaweka mshale, anakufa hivyo hivyo. Mji haujui kwamba amekufa. Hakuna anayethubutu kusogea, hakuna anayeteka maji. Mama yake anakwenda kumbembeleza kwa nyimbo, hajibiwi. Siku zinapita mitungi ikiwa mikavu, mpaka mwili unapoanguka wenyewe. Nimeusoma utenzi ule mara nyingi, na sehemu hiyo bado hunisisimua. Ajabu ya mtu mmoja imeingia jikoni kwa kila mtu.

Yule kijana nilimrudishia mswada nikiwa nimeandika pembeni swali langu la ungo, na ameandika upya. Sasa shujaa amesimama mlangoni kwa shangazi saa sita usiku. Droni inapita juu, taa yake inamulika paa la jirani. Shangazi anamwambia avue nguo. Amekwisha kukata tiketi ya basi la alfajiri, iko mfukoni mwa shati, na shati hilo ameanza kulifungua vifungo. Njia yote ya kwenda Mwanza ina misikiti na makanisa.

Sura inayofuata ameniahidi Ijumaa.