Balehe ya Pili

Ndugu zangu, nimeombwa nizungumzie safari ya kubadili jinsia kwa upande wetu sisi wanaume transjenda, yaani wanaume tuliozaliwa tukaitwa wasichana. Najua wengi wenu mmekuja kusikia habari za upasuaji. Mimi nitaanza na koo.

Testosteroni, homoni ya kiume, iwe ya sindano au ya jeli ya kupaka, hunenepesha nyuzi za sauti. Kwa wengi wetu sauti huanza kushuka ndani ya miezi michache, na hedhi nayo hukoma. (Kukoma huko si kinga ya mimba, nalisema waziwazi kwa sababu wapo waliodhani hivyo.) Ndevu ndizo zinazotaka subira, hata miaka 4 au 5. Ukiacha dawa, hedhi huweza kurudi, lakini sauti iliyokwisha kushuka haipandi tena. Damu nayo hupimwa kila baada ya muda, maana homoni hii huongeza chembe nyekundu.

Mwezi wangu wa nne nilimpigia mama simu. Nilisema "Shikamoo" na sauti ikakatika katikati ya neno, nusu nyembamba, nusu nzito. Akanyamaza. Kisha akauliza, kwa adabu ile anayowapa wageni, "Samahani, nani mwenzangu?" Nikamwambia ni mimi. Kwa miaka mingi nilikuwa nimeisubiri sauti ile, na siku ilipokuja, mtu wa kwanza kuisikia alikuwa hanijui. Nililia kwa furaha na kwa uchungu, na sikuweza kuvitenganisha.

Vitu hivi viwili huja pamoja, nasi tumezoea kuficha kimoja. Tunaogopa kwamba tukikiri kuna tulichopoteza, tutaambiwa tumekosea njia. Mimi nilikuwa nikiimba sauti ya kwanza. Ile siimbi tena, na naikumbuka. Bado nisingerudi.

Woga huo una historia. Lou Sullivan, wa Marekani, alikataliwa upasuaji kwa sababu alikiri kwamba anapenda wanaume. Waliokuwa na mamlaka waliamini mwanaume transjenda wa kweli lazima apende wanawake. Hakubadilisha maneno yake ili awaridhishe. Mwaka 1986 alianzisha kikundi cha wenzetu huko San Francisco, akafariki kwa UKIMWI mwaka 1991. Kabla yake Michael Dillon, Mwingereza, alianza testosteroni mwaka 1939, wakati ambapo hapakuwa na mwenzake wa kumuuliza, "Na wewe koo liliwasha hivi?"

Mimi nilikuwa na wa kumuuliza. Ndiye aliyenikataza kujifunga kifua kwa bandeji ili kionekane bapa, kwa kuwa huzidi kukaza na kuumiza mbavu, na akanifundisha kuivua fulana ya kubana kabla ya kulala. Yeye mwenyewe hatumii homoni kabisa, na ni mwanaume kama mimi.

Mama ana ujumbe wangu wa sauti wa zamani kwenye simu yake. Sekunde chache tu: namwambia nimefika salama. Nilimwomba aufute, tena kwa ukali. Akasema, "Mwanangu, huyu naye alikuwa mtoto wangu." Sasa ananiita kwa jina langu, hakosei, na simu zangu anazijua kwa pumzi ya kwanza. Ule ujumbe bado anao, nami nimeacha kumwomba.