Taswira Haikai Juu ya Maji: Mhadhara kuhusu Kupiga Picha za Vidimbwi na Vivuli

Mabibi na mabwana, wapenzi wenzangu wa picha, karibuni.

Tuanze na kidimbwi. Jengo zima limelala ndani ya maji, mnaelekeza kamera, mnabonyeza, halafu picha inatoka na jani linaloelea limekolea vizuri huku jengo likiwa ukungu mtupu. Kamera ilitafuta fokasi, yaani umbali ambapo picha inakolea, juu ya maji, na taswira haiko hapo. Kwa lenzi, taswira iko nyuma ya uso wa maji, mbali sawasawa na kitu chenyewe kilivyo mbele yake. Kioo kikiwa mita 1 kutoka kwenye kamera, na mtu akiwa amesimama mita 4 mbele ya kioo, fokasi inatakiwa mita 5. Kwenye simu, gusa taswira yenyewe, usiguse ukingo wa maji. Anayetumia kamera na anataka ukingo na jengo vyote vikolee, apunguze tundu la lenzi linalopitisha mwanga hadi f/11 au f/16 na asogee nyuma kidogo.

La pili, inameni. Nalisisitiza hili kuliko yote, maana hapa ndipo raha ilipo. Maji yakitazamwa wima kutoka juu huakisi takriban asilimia 2 tu ya mwanga, kwa hiyo mnachoona ni tope la chini. Kadiri jicho linavyokaribia usawa wa maji, uakisi unaongezeka, hadi mahali palipokuwa na tope panakuwa na anga. Geuzeni simu juu chini ili lenzi ikae sentimita 2 au 3 tu juu ya maji. Mtashangaa: kidimbwi cha kurukwa kwa hatua moja kinabeba mtaa mzima. Kilicho juu ya lami nyeusi ni bora kuliko cha juu ya saruji nyeupe, kwa sababu sakafu nyeupe hurudisha mwanga wake na kuififisha taswira. Upepo ukipita, subirini utulie.

Wenye kichujio cha polaraizi, kile kioo cha kuvalisha lenzi ili kupunguza mng'ao, wakivue, au wakizungushe taratibu wakitazama. Kamera ikitazama maji kwa pembe ya nyuzi 37 hivi kutoka usawa wake, kichujio hicho kinaweza kuifuta karibu taswira yote.

Mwaka 1932, nyuma ya kituo cha treni cha Saint-Lazare jijini Paris, mpiga picha Mfaransa Henri Cartier-Bresson alimpiga picha mtu akiruka maji yaliyotuama. Tazameni kisigino: hakijagusa maji, na taswira ya mrukaji bado nzima chini yake. Akisha kutua, maji yanavurugika na hakuna tena cha kupiga.

Sasa vivuli. Jua likiwa nyuzi 45 juu ya upeo wa macho, kivuli kwenye ardhi tambarare ni sawa na kimo cha kitu. Kwenye nyuzi 30 kinafika mara 1.7, na kwenye nyuzi 10 ni zaidi ya mara 5. Tofauti hiyo ndiyo inayompa mtoto miguu ya twiga.

Wengi hulalamika kwamba kingo za vivuli vyao zimefifia, wakadhani lenzi ni mbovu. Jua si nukta. Angani lina upana wa karibu nusu nyuzi, na hivyo ukingo wa kivuli hufifia kwa takriban sehemu 1 ya 100 ya umbali kati ya kitu na ukuta. Mkono ulio sentimita 20 kutoka ukutani una ukungu wa milimita 2, unakubalika kabisa. Waya ulio mita 5 juu ya ardhi una ukungu wa sentimita 5, ndiyo maana kivuli chake karibu hakionekani. Anayetaka ukingo mkali atafute kitu kilicho karibu na ukuta.

Simu nazo hupenda kuking'arisha kivuli bila kuombwa. Gusa sehemu yenye jua, kisha punguza mwangaza mpaka kivuli kikolee. Ubuluu mtakaouona kivulini unatoka angani, mimi siuondoi.

Na chini ya mti, yale madoa ya mwanga ya mviringo ni taswira za jua lenyewe, zinazopita kwenye matundu madogo kati ya majani. Tandazeni karatasi nyeupe, muiinamishe ilielekee jua. Ikilala chini tu, madoa hurefuka kama yai.