Mkono unakufa ganzi usiku? Jipime, kisha ufunge gango

Mama zangu na dada zangu wa Rungwe, Mufindi na hapa Mbeya mjini, karibuni. Video hii ni ya yule anayeamka usiku wa manane mkono umekufa ganzi, anaukung'uta mpaka utulie, na kukipambazuka anarudi kuchuma chai, kusuka nywele au kukamua ng'ombe. Wengi husema damu haitembei. Mara nyingi ni mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono, mahali ambapo unapita njia moja nyembamba na kano 9 za kukunja vidole.

Anza na vidole. Ganzi iko kwenye gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete, huku kidole cha mwisho kiko salama? Shuku mshipa huo.

Sasa kutanisha migongo ya viganja, vidole vitazame chini, hivi. Tulia sekunde 60. Ganzi ikija kwenye vidole vilevile, hiyo ni dalili. Isipokuja na usiku bado unaamka, usijihesabu mzima; endelea nami.

Hapa kwenye gango, yaani kipande kigumu cha kushikilia kifundo kisikunjike, tusikimbie, maana ndilo watu wanaloliruka wakakimbilia kuchua. Tukilala tunakunja mkono bila kujua, na mkono uliokunjwa huubana mshipa zaidi. Ukipata gango la dukani ni sawa. Usipopata, kata boksi gumu, lianzie chini kidogo ya mikunjo ya vidole mpaka katikati ya kifundo na kiwiko. Lizungushie kitambaa laini. Liweke upande wa kiganja, kifundo kinyooke kabisa, kisha funga kwa vipande vya kanga. Tazama: kidole changu kinapita chini ya fundo, na vidole vyote vinakunjika. Ganzi ikiongezeka au kucha zikibadilika rangi, umekaza mno, legeza. Vaa kila usiku kwa wiki 6. Siku mbili hazitoshi.

Asubuhi, nyoosha vidole juu. Kunja ncha zake kama ndoano. Nyoosha. Kunja ngumi kamili. Nyoosha tena. Rudia mara 5, taratibu, bila kulazimisha maumivu.

Kazini, msusi, panga kiti cha mteja ili usipinde vifundo. Mchuma chai, badilisha mikono na upumzike kidogo kidogo. Baridi ya Juni na Julai hukakamaza vidole, lakini usiuweke mkono wenye ganzi kwenye maji ya moto kabla hujayapima kwa mkono usio na ganzi. Utaungua bila kuhisi.

Mwisho, geuza viganja juu, ulinganishe mnofu ulio chini ya gumba kulia na kushoto. Mmoja ukiwa umebonyea, au kikombe kinakuponyoka na vifungo vya blauzi vinakushinda, nenda kituo cha afya wiki hii hii uombe rufaa. Mnofu ukishakonda sana, huenda usirudi hata baada ya upasuaji. Kuna sindano ya kupunguza uvimbe, na upasuaji mdogo wa kukata utepe unaobana. Omba pia upimwe sukari na tezi ya shingo, na kama una ujauzito mwambie daktari, kwani vyote hivyo huleta ganzi hii. Nenda na gango lako, akaone unavyolifunga.