Kabla ya Kuilaumu Shaba, Pima Chumvi Yako

Najua mmeshachoka kunisikia nikilisema hili, lakini mtanivumilia. Katika kazi yetu ya kuigeuza hewa ukaa kwa umeme iwe bidhaa zenye manufaa, kichocheo (metali inayoharakisha mabadiliko hayo) chenye kasi peke yake hakinibabaishi. Platini ina kasi ya ajabu, na mkiiwekea hewa ukaa ndani ya maji mkapitisha umeme, inawapa hidrojeni ya maji tu! Kazi ni kupata kichocheo kinachochagua.

Kanuni mnaijua: juu ya metali hewa ukaa hugeuka kwanza kaboni monoksaidi, nayo ikishikwa kwa kiasi huendelea kubadilika. Dhahabu na fedha huishika kaboni monoksaidi kwa ulegevu, ikajiondokea. Platini na nikeli huing'ang'ania mpaka uso unaziba. Shaba iko katikati, na ndiyo maana mkemia Yoshio Hori na wenzake, katikati ya miaka ya 1980, waliripoti methani na ethilini (gesi inayotengenezewa plastiki) juu yake. Tatizo la shaba ni tamaa: jaribio moja, bidhaa hata 16.

Sasa ugonjwa wangu. Unawasha umeme, ethilini inatoka vizuri. Muda si mrefu inaporomoka, hidrojeni inapanda, na mwanafunzi anakuja mbio: "Profesa, shaba imekufa!" Haijafa, imepakwa rangi. Elektroliti, yaani maji yenye chumvi yanayopitisha umeme, ina chembe za chuma au zinki, na umeme uleule unaobadilisha hewa ukaa unazigandisha juu ya shaba. Hori alilionyesha hilo mwaka 2005: pitisha kwanza umeme kwa elektrodi nyingine (kipande kingine cha metali kilichotumbukizwa humo), uchafu ukwame huko, halafu tumbukiza shaba yako. Inadumu.

Atasimama mtu hapa aseme, "Chumvi yangu ni safi, asilimia 99.9." Haya, tupige hesabu. Gramu moja ya chumvi hiyo ina miligramu moja ya uchafu. Uchafu huo ukiwa chuma, atomu zake zinatosha kufunika sentimita moja ya mraba tabaka maelfu. Nawe unahitaji chini ya tabaka moja kuharibu kila kitu! Halafu unaandika makala kwamba muundo wako mpya "unachakaa". Jamani.

Naona naonyeshwa saa. Sura za fuwele, yaani namna atomu za shaba zilivyopangwa usoni, basi, kwa kifupi: uso uitwao 100 hupendelea ethilini, uitwao 111 methani.

La mwisho ni kaboneti, chumvi ambayo hewa ukaa hugeuka bila kuwa bidhaa tunayoitaka. Katika elektroliti isiyo na tindikali, kwa kila molekuli nne za hewa ukaa zinazotumika kutengeneza ethilini, tatu huishia kuwa kaboneti. Tindikali inapunguza hasara hiyo, ila inakaribisha hidrojeni. Kwa hiyo anayeniletea asilimia za elektroni (sehemu ya umeme iliyoishia kwenye bidhaa) alete na hesabu ya kaboni iliyopotea, kwenye ukurasa uleule.