Mlango unafungwa kidato cha tatu: mazungumzo na wanafunzi na wazazi, Mafinga

Kamwene wanangu, kamwene wazazi. Mkuu wa shule, walimu wenzangu, asanteni kwa kunialika, na poleni na hii baridi, wale wa nyuma sogeeni mbele tubanane, mtanisikia vizuri zaidi.

Nimeombwa niongelee vyuo vikubwa vya sayansi, vile kila mtu anavitaka na wachache ndo wanaingia. Nimefundisha fizikia huku nyanda za juu miaka mingi na kila ninapoitwa nasema jambo moja. Milango ya hivi vyuo haifungwi form six. Inafungwa kidato cha tatu na cha nne, alafu inafungwa kimyakimya, hakuna anayekuja kukugongea kukwambia. Mtoto anaacha fizikia kwa sababu kundi lake lote limeacha, au kwa sababu mwalimu wa fizikia mwaka huo hakuwepo, basi maisha yanaendelea, miaka mitatu baadae anakuja ananiuliza mwalimu nataka kusoma uinjinia nifanyeje, na mimi pale sina cha kumpa.

Kwaiyo wa kidato cha pili na cha tatu, leo nawalenga nyinyi kuliko hao kaka na dada zenu wa form six.

Kombi, yani tahasusi. Mtu wa PCB, fizikia, kemia na baiolojia, hawezi kuamka asubuhi akasema anaenda uinjinia pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia hapo Mbeya, kule wanataka hesabu kamili, ile Advance, sio BAM, ile hesabu ndogo. Na mtu wa PCM, fizikia, kemia na hesabu, hawezi kwenda udaktari Muhimbili bila baiolojia. Hili linaonekana dogo lakini watoto wengi wanajaza Selform, ile fomu ya kuchagua shule na tahasusi, kwa kuangalia shule gani ina jina, wanaandika tahasusi ya pili na ya tatu hovyohovyo, alafu wanapangiwa ileile ya tatu. Matokeo ya form four yakitoka huwa kuna muda wa kuingia kwenye mfumo wa TAMISEMI na kubadilisha, tumieni huo muda, wazazi msiuache upite eti mtoto kaenda kwa shangazi Makambako.

Alafu kitabu cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Kila kozi imeandikwa sifa za chini, A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1, mtu anaona kozi fulani inahitaji pointi 6 anashusha pumzi, anasema nimefika. Hujafika mwanangu. Ile ni ruhusa ya kuomba tu. Nafasi ni chache, waombaji ni wengi, wanaanza kuchukua wenye A na B wanashuka, na kwa kozi kama udaktari wa binadamu nafasi zinaisha mbali sana kabla ya kufika kwenye ile sifa ya chini. Lenga A, na uanze kuilenga kwenye Hisabati ya kawaida ya kidato cha pili, somo ambalo mwaka hadi mwaka ndo linaongoza kwa kufelisha form four nchi nzima. Sio somo gumu kuliko mengine, ni somo linalobeba madeni, usipoelewa sehemu na aljebra mapema kila kinachofuata kinakuja juu ya shimo. Kwaiyo kama leo uko kidato cha tatu na mafumbo ya kidato cha kwanza yanakusumbua, rudi huko, usione aibu, vitabu vya TIE, Taasisi ya Elimu, vipo bure kwenye maktaba mtandao yao, anayejua simu ya mzazi ina bando aombe nusu saa.

Sasa kuna mmoja hapa kaandika kwenye karatasi ya maswali: MIT inaingiwaje? Nimefurahi sana kuona swali hili linatoka Mafinga na nitalijibu kwa heshima yake yote.

MIT ni chuo kikuu cha sayansi na teknolojia, ipo Cambridge, jimbo la Massachusetts, Marekani, ilianzishwa 1861. Kwa sisi tunaoomba kutoka nje ya Marekani wanachukua chini ya watatu katika kila mia, kwaiyo yeyote anayekwambia nipe hela nikuhakikishie nafasi ni mwongo, mzazi mfukuze nyumbani kwako. Lakini umaskini sio kinachokuzuia pale. Ni moja ya vyuo vichache ambavyo wakati wa kuchagua haviangalii kama familia ina hela, hata kwa mgeni, na wakishakuchagua wanajazia kile ambacho familia haiwezi. Hata ada ya kuomba, dola 75, unaweza kuomba usamehewe.

Kinachohitaji mpango ni kalenda. Maombi yao yanafungwa mwanzoni mwa Januari, wewe hapo uko form six, mtihani wako wa taifa wa NECTA ni Mei, matokeo Julai. Yani wanakusoma bila matokeo ya form six. Wanasoma nini? Matokeo yako ya form four, na ripoti zako za muhula. Zile karatasi ambazo nyumbani zinafungiwa maandazi! Tunzeni kila ripoti kuanzia kidato cha tatu, weka kwenye faili, piga picha. Wanataka pia barua za walimu wawili, mmoja wa hesabu au sayansi na mwingine wa lugha, historia au masomo ya jamii, na hapo mtoto wa PCM anakwama maana karibu walimu wake wote ni wa sayansi. Kwaiyo yule mwalimu wako wa Kiingereza au Kiswahili wa kidato cha nne usipotezane naye. Mwalimu hawezi kuandika barua nzuri ya mtoto ambaye hakuwahi kunyoosha mkono.

Kuna na SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, alama 1600, nusu hesabu nusu Kiingereza, waliirudisha kuwa lazima 2022. Inafanywa kwenye kompyuta. Hesabu zake mtoto aliyesoma vizuri anaziweza, Kiingereza ndo kinatuangusha, na hakuna tuisheni ya miezi miwili inayotibu hilo, ni kusoma kila siku kitu ambacho sio notisi. Mazoezi yapo bure kwenye tovuti ya Khan Academy. Wengi wanaona bora wamalize form six kwanza waombe mzunguko unaofuata, inaruhusiwa, ilimradi huo mwaka usipite umekaa kijiweni.

Alafu wanauliza unafanya nini nje ya darasa, na fomu ina nafasi nne tu. Nne! Wale mnaokusanya vyeti vya klabu kumi pumzikeni. Na kusaidia shambani, kuuza genge la mama, kulea wadogo zako, hiyo ni kazi na inaandikwa, tena bila kuona haya.

Hapa ndo nataka nikae kidogo. Tumezungukwa na msitu wa Sao Hill, kila kona ding dong, zile mashine za kupasulia magogo, zinachana mbao, na kila fundi hapa anajua mbao mbichi ya paini itapinda. Sasa wewe chukua vipande vitano, pima uzito kila asubuhi, pima upana, andika kwenye daftari, chora grafu. Utaona uzito unashuka haraka mwanzoni lakini upana hausogei, kwa sababu maji yanayotoka kwanza ni yale yaliyo kwenye matundu ya seli. Unyevu ukishuka chini ya takribani asilimia 30 ndo yanaanza kutoka yaliyo ndani ya kuta zenyewe, na hapo ndo mbao inasinyaa. Ukiliona hilo kwenye grafu yako mwenyewe, umefanya sayansi ambayo hakuna pasti pepa itakupa, na unaweza kuipeleka kwenye mashindano ya wanasayansi vijana, Young Scientists Tanzania. Mizani ya duka inatosha. Na hata kama hutaomba MIT, ukienda MUST au Dar utakuwa mtu aliyewahi kupima kitu.

La mwisho, wazazi. Majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Daudi, shule imesajili David, kitambulisho cha NIDA kina jina la babu. Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi, TCU inasoma jina la NECTA, pasipoti inataka vyote vifanane. Kurekebisha kabla ya usajili wa form four ni kuongea na mwalimu wa taaluma tu, baada ya hapo ni mwanasheria, ada na safari. Ukifika nyumbani leo fungua sanduku uangalie.

Haya, maswali. Tuanze na kidato cha pili.